Chukua Sururu Jumamosi Hii

Kuna kipande cha ardhi nyuma ya nyumba yako ambacho masika hugeuka tope na kiangazi hugeuka vumbi. Unakijua. Watoto wanapita hapo kabla ya kuingia ndani na nyayo zao kwenye sakafu uliyodeki muda si mrefu. Kiti cha plastiki kinazama mguu mmoja hapo na chai ya mgeni inamwagika. Mwaka wa ngapi huu unasema utatafuta fundi akuwekee mawe? Nakuambia leo kwamba fundi huyo ni wewe. Hujawahi kulaza jiwe hata moja, na hilo halikuzuii kitu. Kazi hii haidai cheti wala mashine. Inadai sururu, beleshi, kamba, vigingi, pimamaji, nyundo ya mpira, na mtu aliyekwisha kuamua.

Nakusukuma kwenye mawe na wala si kwenye zege, na nina sababu. Zege ukishalimwaga una saa chache tu za kulitawala. Likikauka na mteremko ukaelekea mlangoni badala ya kuelekea bustanini, utaishi na kosa hilo mpaka siku utakapokodi watu wa kulivunja. Jiwe lililolazwa juu ya mchanga halikufungi namna hiyo. Limekaa upande? Liinue, ongeza konzi mbili za mchanga, lirudishe. Limezama baada ya mvua? Liinue mwezi ujao. Umegundua baadaye kwamba bomba la maji limepita chini yake na linavuja? Toa mawe sita, tengeneza bomba, rudisha mawe yale yale. Watu wanaogopa mawe kwa kuwa ni mazito na magumu, wanakimbilia saruji kwa kuwa ikichanganywa ni laini kama uji. Mwanagenzi anapaswa kufikiri kinyume chake: aanze na kitu anachoweza kukifumua.

Na usidhani kujenga bila saruji ni ujenzi wa nusunusu. Kule Migori, magharibi mwa Kenya, kuna Thimlich Ohinga, boma la kuta za mawe yaliyopangwa makavu, bila udongo wala chokaa ya kuyashikisha. Inakadiriwa lilijengwa katika karne ya 16, na kuta zake nyingine zimepita kimo cha mtu mrefu. Mwaka 2018 UNESCO iliuingiza mji huo wa mawe katika orodha ya urithi wa dunia. Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa kaskazini mwa Tanzania, kuna matuta ya mashamba na mifereji ya maji, vyote vya mawe makavu, na mistari yake bado inaonekana karne kadhaa baada ya wakulima wake kuondoka. Waliojenga huko hawakuwa na kreni. Walikuwa na mikono, macho ya kuchagua jiwe linalofaa, na desturi ya kulijaribu upande huu na upande ule mpaka litulie. Macho unayo. Mikono unayo. Desturi utaipata kufikia jiwe la kumi.

Dada yangu unayesoma haya ukajiambia kwamba hiyo ni kazi ya wanaume, nenda Kunduchi, Dar es Salaam, ambako akina mama wamesomesha watoto kwa kuponda kokoto kwa nyundo, jua likiwa utosini. Jiwe halimuulizi mtu jinsia yake. Kipande cha sentimita 60 kwa 45 chenye unene wa 4 kina uzito wa kilo 25 hivi, nusu ya mfuko wa saruji. Huna haja ya kukibeba kifuani. Kisimamishe wima ukitembeze kona kwa kona, au kiweke kwenye toroli. Na unaponunua, chagua vipande vya nusu ya ukubwa huo. Sakafu itapendeza vilevile.

Anza padogo. Mita 3 kwa mita 3 zinatosha meza, viti vinne na jiko la mkaa pembeni. Usikubali mtu akushawishi kufunika uwanja wote kwa mara ya kwanza. Kazi kubwa inayokatika katikati inavunja moyo, na lundo la mawe yaliyoota nyasi linakusimanga kila asubuhi. Kazi ndogo iliyokamilika inakupa hamu ya ile inayofuata.

Mawe gani? Kwa mtu wa Mombasa, Kilifi, hata Nairobi, jibu la kwanza ni mawe ya Mazeras. Ni jiwe la mchanga, linachimbwa ukiacha Mombasa kuelekea bara, na kwa asili yake limekaa tabaka juu ya tabaka, kwa hiyo hupasuka kuwa mabamba yenye uso bapa. Rangi zake ni za maziwa, kahawia na manjano iliyopauka, na likilowa haliwi telezi kama vigae vya kung'aa. Kilifi kuna mawe ya Galana pia. Ukiishi mbali na pwani, tafuta jiwe la kwenu. Kila mkoa una machimbo yake, na jiwe la karibu lina nafuu mbili: usafiri ni mdogo, na ukihitaji mengine matano mwakani utayapata yanayofanana na haya. Kwa mita 9 za mraba nunua mawe ya mita 10, kwani mengine yatavunjika na mengine utayakata. Nenda mwenyewe ukayachague. Ligonge jiwe kwa nyundo ndogo usikilize: lililo zima hulia, lenye ufa hutoa sauti ya kufa. Lisilokuridhisha liache.

Kabla hujachimba, ulizia kilicho chini. Bomba la maji limepita wapi? Waya wa umeme wa kwenda chumba cha nyuma? Chemba ya maji taka iko wapi? Chemba usiifukie kamwe. Izunguke, au weka juu yake jiwe ambalo linainuka kwa urahisi. Kisha piga vigingi vinne na ufunge kamba. Kona iwe mraba, na njia ya kuihakikisha ni ya zamani na haijawahi kumwangusha mtu: pima sentimita 90 upande mmoja wa kona, sentimita 120 upande wa pili, na kati ya alama hizo mbili pawe na sentimita 150 kamili. Isipokuwa hivyo, sogeza kigingi. Mwisho pima mishazari yote miwili ya mraba wako, ikilingana, umefuzu.

Sasa mteremko. Maji ya mvua lazima yaondoke nyumbani, na yanahitaji sentimita moja na nusu ya kushuka katika kila mita. Kwa mita 3 ni sentimita 4 na nusu, kiasi ambacho jicho halikioni wala kikombe mezani hakikihisi, ila maji yanakijua. Huna haja ya vifaa vya wapima ardhi. Nunua mpira mwembamba unaoonyesha maji yaliyo ndani, ujaze maji bila kuacha mapovu, shika ncha moja kwenye kigingi cha ukutani na mwenzako ashike nyingine kwenye kigingi cha mbali. Maji yakitulia, pande zote mbili yako kimo kimoja. Tia alama. Kwenye kigingi cha mbali shuka sentimita 4 na nusu, funga kamba hapo. Kamba hiyo ndiyo uso wa sakafu yako, na kuanzia sasa ndiyo bosi wako. Hakikisha tu kwamba upande wa nyumba imekaa sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani, ili mvua kubwa isirushe maji ukutani na unyevu usipande.

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, kwa hiyo nataka tukae hapa kidogo.

Chimba sentimita 18 chini ya kamba: 10 za kokoto na vumbi lake, 4 za mchanga, 4 za jiwe. Kwa mraba wako huo ni udongo wa toroli zisizopungua 30. Najua unavyohisi ukisoma idadi hiyo. Siku hiyo hutaona uzuri wowote. Utaona shimo. Jirani atapita akuulize kama unachimba kisima. Mgongo utalalamika, na sauti ndogo itakuambia kwamba sentimita 8 zinatosha, nani ataona? Sauti hiyo ndiyo adui wa pekee katika kazi hii yote. Mtu aliyepunguza msingi huonekana hodari kwa mwezi mmoja, kisha mvua za masika zinamfichua: jiwe hili limezama, lile limeinuka ncha, vidole vya watoto vinajikwaa. Ukishinda sauti hiyo, umekwisha kuijenga sakafu. Yaliyobaki ni kupanga tu.

Kwa hiyo chimba kwa zamu. Hakuna aliyekuamuru umalize kwa siku moja. Asubuhi kabla ya jua kukaza, toroli kumi; jioni kumi; kesho tena. Ita shemeji, ita vijana wa nyumbani, pika pilau. Udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, upeleke kwenye bustani ya mchicha. Chagua wakati pia: Januari na Februari, au miezi ya Juni hadi Septemba baada ya masika kwisha, ili shimo lako lisigeuke bwawa. Na kama unaishi Kitengela au Athi River, au popote penye udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa jua, ongeza kina. Udongo ule huvimba na kusinyaa, na ukivimba hunyanyua chochote kilicho juu yake. Toa sentimita 30 au zaidi, ujaze moramu nzuri iliyoshindiliwa. Ni jasho la ziada, lakini ni la mara moja.

Jaza kokoto kwa tabaka. Mwaga sentimita 5, nyunyiza maji kidogo, shindilia. Mwaga 5 nyingine, shindilia tena. Ukiijaza yote kwa mkupuo, juu patakaza na chini patabaki tifutifu. Mashine ya kushindilia inakodishwa mijini, lakini kwa mita 9 huihitaji. Chukua kopo tupu la rangi la lita 4, simamisha bomba la chuma katikati, jaza zege, subiri ligande kwa siku kadhaa: unacho kishindilio cha kilo 10. Inua, dondosha. Inua, dondosha. Usiruke sehemu, na kwenye kona ongeza mapigo, maana kona ndizo zinazozama kwanza. Utajua umefika pale utakapokanyaga kwa kisigino kwa nguvu zote na kisiache alama. Si kabla ya hapo.

Kingo hazina maneno mengi. Panga mawe marefu yakisimama kwa ubavu kuzunguka mraba, yashike kwa nje na zege la saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Hapo tu ndipo saruji inapohitajika, kwa sababu bila ukingo mawe ya pembeni hutambaa nje polepole na mchanga hufuata.

Kisha inakuja siku ya raha.

Kabla hujalaza hata jiwe moja, yatandaze yote kwenye nyasi uyaone. Tenga manene na membamba. Tenga yenye uso mzuri. Hayo ni ya mlangoni na chini ya meza, mahali macho yanapotua. Cheza nayo. Jaribu hili kando ya lile. Saa moja ya kuyapanga nyasini inaokoa nusu siku ya kuyabeba huku na huku juu ya mchanga. Kanuni ni chache: usiache pembe nne za mawe zikutane mahali pamoja, usiache mstari mmoja mrefu wa nafasi ukate sakafu kutoka upande hadi upande, na usiweke vipande vidogo ukingoni. Vidogo vikae katikati, vikizungukwa na vikubwa.

Mchanga uwe wa mto, au utumie vumbi la mawe kutoka machimboni, ambalo mimi nalipenda zaidi kwa sababu hushikana vizuri. Mchanga wa ufukweni usiuguse. Chumvi yake hupanda juu ya jiwe na kuacha ukungu mweupe, na fukwe zetu zinaliwa na bahari vya kutosha bila sisi kuisaidia.

Anza kwenye kona iliyo karibu na nyumba. Mwaga mchanga wa jiwe moja au mawili tu, sawazisha kwa ubao, uache juu kidogo kuliko unavyohitaji. Laza jiwe. Usilisukume kwa ubavu likachota mchanga. Lishushe kutoka juu. Ligonge kwa nyundo ya mpira, katikati kwanza, kisha pembeni. Weka pimamaji, angalia kamba. Liko chini? Liinue, ongeza mchanga. Liko juu? Liinue, punguza. Linacheza ukikanyaga kona? Chini yake pana uvungu, liinue, ujaze. Utainua jiwe la kwanza mara nyingi, na huenda ukahisi hujui kitu. Endelea. Hakuna mwalimu mwingine wa kazi hii isipokuwa jiwe lenyewe, nalo linafundisha kwa haraka: mkono unaanza kujua kiasi cha mchanga kabla ya jicho kupima, na utasikia tofauti kati ya pigo la jiwe lililokaa na pigo la jiwe lililo juu ya uvungu. Siku moja kabla ulikuwa mtu asiyejua. Sasa unagonga, unasikiliza, unaamua.

Acha nafasi ya sentimita moja hadi moja na nusu kati ya jiwe na jiwe. Jiwe linapokataa kuingia, chora mstari, liweke juu ya mchanga, tembeza patasi juu ya mstari huo kwa mapigo mepesi, ligeuze ufanye hivyo upande wa pili, kisha ongeza nguvu kidogo kidogo. Jiwe la Mazeras hutii. Likikatika vibaya, lina mahali pengine litakapofaa. Ila hapa usinifanyie ushujaa: vaa miwani, maana kipande kimoja kinatosha kuharibu jicho, na funika pua na mdomo kwa barakoa nzuri, lowesha jiwe kabla ya kulikata, kwa sababu vumbi la jiwe la mchanga likikaa mapafuni halitoki. Vaa viatu vilivyofunika vidole. Unapoinua, kunja magoti. Tunakutaka ukae juu ya sakafu hii miaka 30 ukiwa mzima.

Mafundi wa kweli hawatachukia ukifanya kazi hii. Fundi mwenye sifa anamheshimu mtu aliyewahi kushika nyundo, kwa sababu mtu huyo anajua anacholipia na habishani juu ya siku za msingi. Tena mwite ukikwama. Mwombe aje nusu saa akague mteremko wako, umlipe haki yake, umsikilize. Kujifanyia mwenyewe hakukatazi kuuliza, na maswali ya mtu mwenye tope hadi magotini hujibiwa kwa moyo mweupe.

Mawe yote yakishalala, mwaga vumbi la mawe lililo kavu kabisa juu ya sakafu na ulifagie liingie kwenye nafasi, kwa mishazari, huku na huku. Nyunyiza maji kwa upole, liache lishuke, rudia kesho yake. Wengine huacha nafasi pana zaidi wakapanda ukoka ndani yake, na uani penye kivuli kidogo jambo hilo linapendeza sana. Lakini kwenye sehemu ya kulia chakula naona vumbi la mawe ni bora, linafagilika.

Kisha iache mvua ya kwanza iikague kazi yako. Ikinyesha, toka nje na mwavuli uangalie maji yanakwenda wapi. Penye kidimbwi, weka alama kwa chaki mara tu jiwe likikauka. Wiki hiyo hiyo inua mawe hayo mawili au matatu kwa mtarimbo, ongeza vumbi, yarudishe, yagonge, fagia tena. Fanya hivyo baada ya masika na baada ya vuli katika mwaka wa kwanza, na baada ya hapo sakafu itakuwa imekwisha kutulia na udongo wake.

Lakini hayo ni ya baadaye. Leo pima uani, andika urefu na upana kwenye karatasi, upige simu machimboni uulize bei ya mita ya mraba na nauli ya lori. Kesho nunua kamba na vigingi. Jumamosi, kabla ya jua kukaza, piga kigingi cha kwanza karibu na ukuta.